Nani Hajali, na Hajali Nini? Mhadhara kwa Wanafunzi wa Ukalimani

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi mnaojiandaa kwa kazi ya ukalimani, asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie kutojali katika Kiingereza cha kila siku. Nitaanzia hospitalini, kwa sababu huko ndiko kosa la mkalimani linakoumiza upesi. Daktari wa Uingereza amemaliza kumweleza mgonjwa njia mbili: afanyiwe upasuaji, au aendelee na dawa na kusubiri. Kisha anasema, "It's up to you." Mkalimani mwenye haraka anamgeukia mama wa watu na kumwambia: "Shauri yako."

Ninyi nyote mnajua shauri yako ni nini. Ni kauli ya mtu aliyekwisha kunawa mikono. Huambiwa mtoto aliyekatazwa kupanda mwembe akapanda. Huambiwa jirani aliyeonywa asimkopeshe fulani, akamkopesha. Ndani yake mna onyo na kinyongo: nimesema, hukusikia, likikufika usinililie. Mama yule akiisikia chumbani kwa daktari anaelewa kwamba ametupwa. Kumbe daktari alikuwa anatimiza wajibu wake. Kule Uingereza, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2015 katika kesi ya Montgomery, daktari anatakiwa amweleze mgonjwa zile hatari ambazo mtu mwenye busara aliye katika hali hiyo angezitilia maanani, na pia amweleze njia nyingine zilizopo, kisha mgonjwa aamue. Kwa hiyo "it's up to you" ni heshima: mwili ni wako, na neno la mwisho ni lako. Tafsiri yake ni "uamuzi ni wako, mama." Hilo "mama" halimo katika Kiingereza cha daktari. Tunalitia sisi, kwa sababu bila hilo sentensi inafika baridi, na daktari hakukusudia ubaridi.

Hapo ndipo penye hoja yangu yote ya leo. Kutojali kwa Waingereza na Wamarekani hakupimwi kwa neno peke yake. Kunapimwa kwa kile kisichojaliwa. Mtu asipojali apewe kitu gani, hiyo ni adabu. Asipojali ni nani atashinda kesi, hiyo ni haki. Asipomjali mtu mwenyewe, hapo tumeingia kwenye dharau, na tukizidi kwenda mbele tutafika kwenye uvunjaji wa sheria. Mkalimani anayeweka "hajali" kila mahali anazichanganya hali hizo zote, na aliyekaa mbele yake hana namna ya kuzitenganisha.

Tuanze na adabu, maana ndiyo tunayokutana nayo kutwa. Mwenyeji anauliza, chai au kahawa? Mgeni Mwingereza anajibu, "I don't mind." Kitenzi hicho asili yake hapa ni kukerwa. Anachosema ni kwamba hakuna kati ya hivyo viwili kitakachomkera, usisumbuke kwa ajili yangu. Akijibu "I don't care," nyumba nyingi za Uingereza zitamwona hana malezi, kwa sababu sasa amekanusha kujali, na aliyemwandalia chai ndiye wa kwanza kuguswa. Marekani mambo ni tofauti kidogo. Kule watu wanaoulizana wale nini jioni husema "I don't care" bila mtu kuudhika, mradi sauti iwe nyepesi. Uingereza, hasa kaskazini, utasikia pia "I'm not bothered," ambayo kwa sikio la mgeni inaonekana ya jeuri, na mara nyingi si jeuri hata kidogo. Ni "vyovyote tu."

Kuna mtego mdogo hapa unaowanasa hata waliosoma sana. Mtu akikuuliza, "Do you mind if I open the window?" nawe ukataka afungue, jibu ni "No." Wengi wetu tunasema "Yes" tukidhani tunaruhusu, kumbe tumekataza. Dawa tunayo nyumbani. Sisi tunauliza, "Una neno nikifungua dirisha?" na jibu ni "Sina neno." Mkanusho unakaa palepale unapokaa katika Kiingereza. Mwanafunzi akiushika mfano huo hatapotea tena.

Neno linalonisumbua kuliko yote katika kundi hili ni "whatever." Likifuatwa na maneno mengine ni ukarimu mtupu: "whatever you like" ni upendavyo, chochote roho inachotaka. Likisimama peke yake, likavutwa na kushushwa mwishoni, linakuwa mlango uliofungwa usoni mwa msemaji. Linamwambia kwamba alichosema hakistahili hata kubishiwa. Mwaka 2009 kura ya maoni ya Marist kule Marekani ilipowauliza watu ni neno gani la mazungumzo linalowakera zaidi, karibu nusu walilitaja hilo, na liliongoza tena miaka mingi iliyofuata. Wamarekani hawakerwi na herufi zake. Wanakerwa na kiimbo. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu kwamba mkalimani anayesikiliza maneno bila kusikiliza kiimbo amefanya nusu ya kazi. Kijana wa miaka kumi na minne akimjibu afisa ustawi wa jamii "whatever," na wewe ukatafsiri "chochote," umempotezea mzazi wake habari muhimu kuliko zote za kikao kile. Sema "basi, semeni mnavyotaka," kwa sauti ileile aliyoitumia.

Jozi ya "I couldn't care less" na "I could care less" nitaipita haraka. Ya kwanza inasema kujali kwangu hakuwezi kupungua zaidi ya hapa, yaani kumekwisha. Ya pili, ambayo Wamarekani wengi huitumia, ukiifuata kwa mantiki inasema kinyume, kwamba kujali bado kumo. Haisemi hivyo. Zote mbili maana yake ni "sijali hata chembe," na mkalimani aliyeko kazini asijitie kusahihisha sarufi ya mtu. Vilevile "meh," ambalo wahariri wa kamusi ya Collins walitangaza mwaka 2008 kwamba wanaliingiza, halina uzito wa kutuchelewesha. Sisi tuna kubetua midomo, na tuna "mm, basi tu."

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, "indifferent," na hapa nitakaa, kwa sababu historia yake inawasaidia hata wasioipenda historia. Limetoka Kilatini, na maana yake ya zamani katika Kiingereza ilikuwa ya sifa: asiyeona tofauti kati ya tajiri na maskini anapohukumu, asiyependelea. Kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1662 kinawaombea wenye mamlaka watoe haki "truly and indifferently." Anayekisoma leo bila kujua atashtuka: vipi tuombe mahakimu wasiojali? Sala inaomba mahakimu wasiopendelea. Wamarekani katika kitabu chao waliliondoa neno hilo wakaweka "impartially," na nadhani walifanya vizuri, kwa sababu maana ya zamani ilikuwa inawatoka watu masikioni.

Shakespeare anatupatia mfano mwingine. Katika tamthilia ya Julius Caesar, kitendo cha kwanza, onyesho la pili, Brutus anamwambia Cassius kwamba ukiweka heshima kwenye jicho moja na mauti kwenye jingine, atavitazama vyote viwili "indifferently." Brutus hasemi kwamba heshima haimhusu, mstari unaofuata anaapa kwamba anaipenda kuliko anavyoogopa kufa. Anasema macho yake hayatatikisika. Wenye tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963, waifungue mahali hapo leo usiku, waweke Kiingereza kando yake na kusoma polepole. Ni mazoezi mazuri kuliko mengi nitakayowapa, kwa sababu Mwalimu alikuwa anakabiliana na neno ambalo kamusi ya siku hizi ingempeleka pabaya.

Maana nyingine ya neno hilihili imebaki hai na inawapotosha wafasiri wa ripoti. "An indifferent cook" si mpishi asiyejali. Ni mpishi wa kawaida tu, chakula chake hakikutoi machozi wala hakikupi hamu. "Indifferent health" ni afya isiyo nzuri sana. Ripoti ikisema kwamba mzee ana "indifferent health," nawe ukaandika kwamba mzee hajali afya yake, umemtia mtu lawama asiyoistahili, na huenda lawama hiyo ikasomwa na watu wanaoamua kama apewe msaada au asipewe.

Wanauchumi nao wana mstari wao, "indifference curve," ule unaochorwa ubaoni kidato cha tano na cha sita, wazo lililotoka kwa mwanauchumi Edgeworth katika kitabu chake cha mwaka 1881. Mtumiaji yuko "indifferent" kati ya mchanganyiko huu wa bidhaa na ule. Anavitaka vyote viwili kwa dhati, ila vinamridhisha sawasawa. Hapa neno linalofaa ni kuridhika sawa, na "kutojali" halina nafasi.

Nimefika kwenye uvunjaji wa sheria, na nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu baadhi yenu mtafanya kazi katika mahakama za Marekani, ambako Waswahili kutoka Kongo, Burundi na kwingineko ni wengi, na wengi wao waliingia kama wakimbizi.

Mnamo Novemba 1973, mfungwa mmoja wa Texas, J. W. Gamble, alikuwa akipakua lori gerezani, robota la pamba likamwangukia na kumuumiza mgongo. Alilalamika kwa miezi kwamba hatibiwi ipasavyo, na malalamiko yake, ambayo aliyaandika mwenyewe kwa mkono, yakafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Uamuzi ulitoka mwaka 1976, ukaandikwa na Jaji Thurgood Marshall. Huyu si mgeni kwetu: mwaka 1960 alikuwa mshauri wa ujumbe wa Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa Lancaster House, London, na aliwaandalia rasimu ya haki za msingi. Marshall aliandika kwamba "deliberate indifference" kwa mahitaji makubwa ya tiba ya mfungwa ni adhabu ya kikatili, ile inayokatazwa na Marekebisho ya Nane ya Katiba. Sababu yake ni rahisi na nzito: mfungwa hawezi kwenda kutafuta daktari mwingine. Wasipomtibu waliomfungia, hatatibiwa.

Lakini Gamble mwenyewe, kwa upande wa daktari wake, hakufanikiwa. Ilionekana alikuwa ameonwa na wahudumu wa afya mara 17 ndani ya miezi mitatu, na mahakama ikasema kwamba tiba hafifu inaweza kuwa uzembe, na uzembe peke yake hauvunji Katiba. Mwaka 1994, katika kesi ya Farmer, mahakama hiyohiyo ikabana zaidi: lazima afisa awe alijua kwamba kuna hatari kubwa, kisha akaipuuza. Haitoshi kusema alipaswa kujua.

Sasa fikirieni kazi yenu. Wakili anamuuliza shahidi kwa Kiingereza kama askari magereza alijua kwamba ndugu yake anatapika damu. Shahidi anajibu, "Hakujali." Neno hilo moja kwa Kiswahili linaweza kumaanisha hakutambua uzito wa jambo, hakushughulika, au alijua na akaamua kupuuza. Kwa Kiingereza ni lazima litoke moja. Ukisema "he didn't notice," umemwokoa askari. Ukisema "he didn't care," umeongeza kitu ambacho huenda shahidi hakukisema. Hapo mkalimani hana ruhusa ya kuchagua peke yake. Anamwomba jaji ruhusa ya kumrudia shahidi, anamuuliza: ulimaanisha alijua? Wako wanaoona aibu kusimamisha mahakama kwa swali kama hilo. Sioni aibu iko wapi. Kesi yote inasimama juu ya kitenzi hicho.

Upande wa pili una ugumu wake. "Deliberate indifference" tutaiitaje kwa Kiswahili? Nimesikia "uzembe wa makusudi," na naikataa, kwa sababu mahakama imelitoa neno uzembe nje ya maana hii waziwazi. Nimesikia "kutojali kwa makusudi," ambayo inafuata maneno ila inamwacha msikilizaji akifikiria moyo wa askari, kama ana huruma au hana, na sheria haiulizi huruma. Mimi hutumia "kujua hatari na kuipuuza." Ni ndefu kuliko istilahi inavyopaswa kuwa, na mawakili hawaipendi wakiwa na haraka, lakini inataja mambo mawili ambayo mahakama inayatafuta, kwa mpangilio wake: kwanza alijua, kisha akapuuza. Shahidi akiisikia anajua anaulizwa nini.

Naona ndugu wawili pale nyuma wamekwisha kuinua mikono tangu niseme naikataa "uzembe wa makusudi." Mwenyekiti akiridhia, na waanze wao.