Nyumba ya Kyeyo na Maji ya Mto

Habari zenu ndugu zangu wa Kasese, Mbale, Kampala na nyinyi wa Arua. Leo nazungumza na mwenye nyumba, hasa yule anayejenga kwa pesa ya kyeyo, yaani ya vibarua vya ughaibuni: matofali mwaka huu, mabati Mungu akipenda.

Huku Marekani benki haikupi mkopo wa nyumba kama huna bima. Lakini sikilizeni vizuri: bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Bomba likipasuka ghafla jikoni, wanalipa. Mto ukiingia sebuleni, shauri yako. Mafuriko yana bima yake, na wengi wanaikata kwenye mpango wa serikali ulioanza 1968. Jengo la familia moja linalipiwa mpaka dola 250,000, vitu vya ndani 100,000. Na kwa kawaida unasubiri siku 30 ndipo ianze kazi, kwa hiyo anayekimbilia kwa wakala wingu likishatanda amechelewa.

Haya, tuje nyumbani Uganda. Mto Nyamwamba wa Kasese mnaujua. Mei 2013 ulifurika, Mei 2020 ukafurika tena, ukaipiga hospitali ya Kilembe. Ukishuka Rwenzori unakuja na mawe, mawe yanajaa mtoni, kina kinapungua, na mvua inayofuata maji yanapita kwa watu. Mbale, mwisho wa Julai 2022, ilikuwa mito ya Nabuyonga na Namatala. Mafuriko ya Bwaise, kule Kampala, hata sina haja ya kueleza.

Sasa ukienda kwenye kampuni ya bima, mara nyingi utaonyeshwa bima ya moto na majanga mengine. Hayo "mengine" ndiyo ya kuulizia. Mwambie wakala: mafuriko yamo? Nionyeshe ukurasa. Kama hayamo, uliza nyongeza ni shilingi ngapi, na upewe kwa maandishi. Maneno ya mdomo hayalipi fidia.

Halafu kuna hili la thamani, ambalo linaumiza watu. Nyumba ya kujengwa kwa milioni 200 unaiandikisha milioni 100 ili ada ishuke. Maji yanaharibu vitu vya milioni 40. Wewe unangoja 40, unapewa 20, kwa sababu uliikatia nusu. Hawajakuibia, imeandikwa kwenye mkataba, tena kwa herufi ndogo. Na ukiwa na wapangaji, makochi na friji zao havimo kwenye bima ya jengo lako. Waambieni mapema, msije mkagombana mbele ya mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa.

Aliyenunua ploti kwenye kinamasi kwa sababu bei ilikuwa tamu, sikufichi: bima haitakuokoa. NEMA, wale wa mamlaka ya mazingira, wakija kubomoa, hayo si mafuriko.

Mwisho, ndugu yako anayesimamia ujenzi akutumie picha za kila chumba, milango, tanki, nyaya, pamoja na risiti za saruji. Zihifadhi wewe huku. Akizibakiza kwenye simu yake, siku ya maji zitakwenda na simu.