Plastiki Inayoamua Umri wa Seli ya Fueli

Mabibi na mabwana, zikitajwa seli za fueli, yaani vifaa vinavyozalisha umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni, mazungumzo huangukia kwenye platini, metali inayotumika humo kama kichocheo, kwa sababu ya bei yake. Mimi leo nawaomba tuitazame plastiki, kwa kuwa mara nyingi ndiyo inayoamua seli idumu au ife mapema.

Katikati ya seli kuna utando wa polima, yaani plastiki yenyewe ninayoisema. Katika magari ya haidrojeni ya sasa unene wake ni mikromita 10 hadi 15 hivi, mwembamba kuliko unywele. Upande huu haidrojeni, upande ule oksijeni, na utando huo mmoja unatakiwa upitishe protoni, uzuie elektroni zisipite ili zizungukie kwenye waya, tena usiruhusu gesi hizo kukutana.

Unawezaje? Mnyororo wake mkuu ni kaboni na florini, kama wa Teflon, nao hautaki maji kabisa. Ila umening'iniza matawi yenye asidi ya salfoniki, na asidi hiyo inayapenda maji. Utando ukilowa, maji hujikusanya kwenye asidi na kufungua vijia vya nanomita chache. Humo ndimo protoni hupita. Ukikauka, vijia hukatika na umeme hushuka. Ndiyo maana seli hizi kwa kawaida hazizidishwi sana nyuzi 80 za Selisiasi.

Chombo cha anga za juu cha Marekani, Gemini 5, kilichoruka Agosti 1965, kilitumia utando wa polistairini. Vifungo vyake vya kaboni na haidrojeni vilikuwa vikishambuliwa na radikali, yaani chembe za kemikali zenye ukali mkubwa, zinazozaliwa ndani ya seli yenyewe. Baadaye Walther Grot wa kampuni ya kemikali ya DuPont akaleta Nafion, polima yenye vifungo vya florini vilivyo imara zaidi. Hata hiyo huliwa polepole: pima maji yanayotoka kwenye seli, ukikuta floraidi inapanda, ujue utando unakwisha. Watengenezaji huongeza metali ya seriamu ili izimishe radikali hizo.

Gasketi, yaani vizibo vinavyozuia gesi zisivuje, nazo zisidharauliwe. Silikoni ikikaa muda mrefu kwenye asidi na joto huchakaa, na mabaki yake huchafua kichocheo.

Mwaka 2023 nchi tano za Ulaya zilipendekeza kemikali za jamii hii ya florini zidhibitiwe, kwa kuwa hazioziki katika mazingira. Naiona hoja hiyo kuwa ya haki. Watafiti wamerudia polima zisizo na florini, na kazi ngumu waliyo nayo ni kuzilinda dhidi ya radikali zilezile.