Kulinganisha na Jana: Namna ya Kuipima Programu Uliyoibadilisha

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika.

Umekabidhiwa programu ya zamani. Aliyeiandika ameshaondoka, maelezo hakuyaacha, na watu wanaitegemea kila siku. Unaombwa ubadilishe jambo moja tu, tuseme namna inavyokokotoa riba. Unabadilisha, unaiendesha, riba inatoka sawasawa. Je, ile ripoti ya mwisho wa mwezi? Na ile barua ya kumkumbusha aliyechelewa kulipa? Hujui. Wala huwezi kukaa uandike jaribio la kila kipengele, maana vingine hata hujui vinatakiwa viweje.

Hapo ndipo matokeo yaliyohifadhiwa yanapokufaa. Kabla hujagusa msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, iendeshe programu kama ulivyoikuta, uilishe data za kila aina, uhifadhi yote inayoyatoa. Ukimaliza kubadilisha, iendeshe tena kwa data zilezile, kisha ulinganishe. Pasipo na tofauti, hakuna kilichosogea katika yale uliyoyapima. Michael Feathers, mwandishi wa vitabu vya uprogramu, aliitetea sana njia hii katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu misimbo ya zamani: jaribio la namna hii haliulizi programu inapaswa kufanya nini, linaandika inafanya nini hasa.

Wakubwa wa fani wameitumia kwa miaka mingi. Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta, alipotengeneza TeX, programu ya kupanga kurasa za vitabu, aliandaa faili liitwalo trip.tex. Ni faili baya kwa makusudi, limejaa amri ambazo mtu mwenye akili timamu hawezi kuziandika. Unalipitisha kwenye toleo lako la TeX, kisha unalinganisha kumbukumbu zake, yaani maandishi ya yale iliyoyafanya, na zile alizozitoa Knuth. Zisipolingana, toleo lako halistahili jina la TeX. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, nayo hupimwa hivyo: kuna folda ya matokeo yanayotarajiwa, folda ya matokeo ya leo, na faili moja linalokusanya tofauti zote.

Sasa fanyeni jambo dogo ambalo wengi hulipuuza. Iendesheni programu mara mbili bila kubadilisha herufi hata moja. Mara nyingi matokeo hayatalingana! Tarehe na saa zimo ndani. Namba za utambulisho zimetungwa kwa bahati nasibu. Safu za hifadhidata zimekuja kwa mpangilio mwingine, kwa sababu ulipoziomba hukutumia ORDER BY, amri ya kuzipanga, na hifadhidata haikukuahidi mpangilio wowote. Kuna pia desimali: kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa namba za kawaida za desimali inapata 0.30000000000000004, na ukibadilisha tu utaratibu wa kujumlisha orodha ndefu, tarakimu za mwisho zinaweza kuhama. Knuth mwenyewe aliruhusu tofauti chache za ukadiriaji wa namna hiyo.

Dawa ni kuisafisha tofauti kwenye chanzo chake. Ipe programu saa bandia, panga safu, funga mbegu ya bahati nasibu, yaani namba ya kuanzia, ili namba zilezile zitoke kila mara. Kinachobaki, kifute kabla ya kulinganisha, ila kwa mkono mwepesi. Nimeona timu ikifuta kila tarakimu kwenye matokeo ili majaribio yasisumbue. Majaribio yalitulia kweli, lakini makosa ya hesabu hayakuwa tena na pa kuonekana.

Nimeliweka mwisho lile linaloniuma zaidi. Matokeo yakibadilika kwa nia yako mwenyewe, lazima uyahifadhi mapya yashike nafasi ya yale ya zamani. Zana nyingi hufanya hivyo kwa amri moja fupi. Wanaounda kompaila (programu inayotafsiri msimbo uwe lugha ya kompyuta) ya lugha ya Rust wana neno lao kwa kitendo hicho: kubariki. Nalipenda neno hilo, kwa sababu anayebariki anapaswa kujua anabariki nini.

Siku moja nilibadilisha muundo wa tarehe, na mafaili yote, zaidi ya mia, yakaonyesha tofauti. Nikatazama machache ya mwanzo, nikaona ni tarehe tu, nikayabariki yote kwa mkupuo. Katikati yake lilikuwamo faili moja ambalo mstari wa jumla ulikuwa umetoweka. Tangu siku ile jaribio letu likawa linalilinda kosa: kila aliyejaribu kuurudisha mstari ule aliambiwa amekosea.

Ndiyo maana leo siruhusu badiliko la muundo lisafiri pamoja na badiliko la hesabu. Kila moja huenda peke yake. Mafaili yaliyohifadhiwa nayaweka pamoja na msimbo, ili anayekagua kazi yangu azione tofauti zake mstari kwa mstari. Nayafanya mafupi, maana faili la mistari elfu kumi hakuna atakayelisoma. Nikikuta kosa la zamani limo ndani ya matokeo ya awali, siliondoi kimyakimya: naliandika pembeni, nauliza nani analitegemea, kisha nalirekebisha kwa badiliko la peke yake, ambalo tofauti yake ina mstari mmoja au miwili na kila mtu anaweza kuisoma.