Katiba Iliyokutwa Kisandukuni

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu, masalkheri.

Ngome yetu ya Mombasa, Fort Jesus, mnaijua. Leo watoto wanakata tikiti kwenda kutazama mizinga, lakini kuanzia 1895 hadi 1958 ilikuwa jela, na wafungwa waliingizwa mle kwa karatasi za serikali. Swali langu ni hili: karatasi ile nguvu yake inaitoa wapi, kwenye sheria au kwa mwenye bunduki?

Hans Kelsen, mwanasheria aliyeshiriki kuandika katiba ya Austria ya 1920, alitaka sheria ielezwe kama sheria, bila kuchanganywa na siasa. Kila amri huzaliwa na amri iliyo juu yake, mpaka ufike kwenye kanuni ya msingi, ile isiyo na nyingine juu yake. Carl Schmitt, mwanasheria Mjerumani, akampinga: mlinzi wa katiba ni rais, si mahakama. Walijibizana 1931. Miaka miwili baadaye Schmitt alijiunga na chama cha Nazi, na Kelsen akaondolewa chuoni Cologne.

Sasa twendeni Kampala. Aprili 1966 Milton Obote, kiongozi wa Uganda aliyekwisha kuisimamisha katiba ya uhuru, alipeleka nyingine bungeni. Ikapitishwa kabla wabunge hawajaisoma. Nakala wakaambiwa watazikuta kwenye visanduku vyao vya barua. Visandukuni!

Baadaye Michael Matovu, chifu wa Buganda aliyewekwa kizuizini, akafika mahakamani kudai uhuru wake. Mwanasheria Mkuu akadai uhalali wa katiba ni mambo ya siasa, majaji wasiyaguse. Majaji wakamkatalia. Mara ya kwanza kuisoma hukumu ile, hapo nilifurahi. Kumbe mbele wanamshika Kelsen: mapinduzi yakishafaulu, kanuni ya msingi imebadilika, katiba mpya ni halali.

Mimi naona walikosea, tena kosa zito. Kelsen alieleza sheria inavyozaliwa na inavyokufa. Hakumwamuru jaji apige magoti. Mvuvi akikwambia kusi imeanza kuvuma, hajakwambia utweke tanga. Jaji aliyeapa kuilinda katiba, akitangaza imekufa, naye ameshika jembe makaburini.

Ndiyo maana naithamini mno Ibara ya 3 ya Katiba yetu ya 2010. Inasema jaribio lolote la kuunda serikali bila kuifuata Katiba hii ni kinyume cha sheria. Jaji wa Kenya akiletewa kesi kama ya Matovu, jibu analo mkononi, limeandikwa na kupigiwa kura na wananchi. Nakala ziko mezani pale. Kabla ya maswali, naomba tuifungue ibara hiyo, tuisome pamoja kwa sauti.