Msimu wa basketi umeisha huku, ngoja niwasimulie kijana wetu wa Nyarugusu

Haya haya, mwakeye ndugu zangu wa Kigoma, Mwanga, Gungu, Katubuka, Ujiji, Kasulu, Kibondo, Buhigwe, wote mnaonisikia, na mama kama bando halijaisha shikamoo mama yangu. Leo mnaniona nipo ndani ya gari, nimewasha hita maana huku Indiana, Marekani, mwezi wa tatu baridi bado haijaondoka, na hilo jengo hapo nyuma yangu kubwa kama karakana ya reli ndio ukumbi wa basketi. Wa shule ya sekondari jamani, sio wa timu ya taifa. Shule ina wanafunzi mia tatu hivi lakini humo ndani wanaenea watu zaidi ya elfu mbili, na mji wenyewe ukiuzunguka kwa gari dakika kumi umeumaliza. Jina la mji sitaji, watoto ni wa watu.

Sasa nataka muelewe kitu. Ijumaa usiku saa moja na nusu mechi inaanza, huko kwenu ni saa tisa na nusu usiku wavuvi wa dagaa wapo ziwani na taa zao, huku mji mzima umehamia humo ndani. Mwenye gereji yupo, mwalimu wa hesabu yupo, mchungaji yupo, bibi wa miaka themanini amevaa jezi ya mjukuu wake. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nashangaa tu, mpaka mzee mmoja ninayekaa naye safu moja akaanza kunifundisha taratibu, hii ni faulo, ukifikisha tano unatoka, kota ni nne na kila moja dakika nane.

Huyo mzee ndiye alinisimulia habari ya Milan. Sio ile ya Italia, ni Milan ya hapahapa Indiana, kijiji tu, shule ilikuwa na wanafunzi 161, na mwaka 1954 wakafika fainali ya jimbo zima dhidi ya Muncie Central, shule kubwa kabisa. Kota ya mwisho Milan wapo nyuma kwa pointi mbili, kijana wao anaitwa Bobby Plump akasimama na mpira mkononi dakika zaidi ya nne, anausubirisha tu hachezi, baadaye matokeo yakafungana, halafu sekunde za mwisho kabisa akarusha ukaingia, 32 kwa 30. Mzee akisimulia mkono wake unapanda juu kama yeye ndiye anarusha. Enzi hizo shule zote zilikuwa chungu kimoja, ndogo na kubwa, ndio maana ule ushindi haujasahaulika, halafu kuanzia msimu wa 1997 kwenda 1998 wakagawa madaraja kwa idadi ya wanafunzi na mzee wangu hajakubali mpaka leo. Na kuna mji unaitwa New Castle, ukumbi wa shule yao unachukua watu zaidi ya elfu saba. Elfu saba, kwa ajili ya watoto wa sekondari!

Mimi niliwahi kucheza netiboli, UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari kwetu Tanzania, niliishia ngazi ya wilaya. Mama hakuwahi kuja kuniangalia hata mara moja na simlaumu kabisa, mechi zilikuwa mchana na mchana yeye yuko sokoni na madumu yake ya mawese, angeacha tungekula nini. Lakini nikikaa humu nikaona mtoto anaingia uwanjani anageuza shingo kumtafuta mama yake kwenye viti mpaka amuone ndio anaanza kupasha, kuna kitu kinanikaba hapa kooni. Naomba nikiri tu.

Basi kuna kijana wetu. Nimemuomba ruhusa yeye na mama yake, jina sitataja, nitamuita Namba 14. Kazaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu pale Kasulu, wazazi wake walikimbia vita Kongo wakavuka ziwa 1996, mwaka ule ule kambi inafunguliwa. Kaja huku ana miaka kumi na miwili, Kiingereza hajui, basketi hajawahi kuigusa, yeye alijua mpira wa miguu tu na ule wa makaratasi na kamba. Siku ya kwanza ya majaribio alikuwa akipokea mpira anakimbia nao bila kuudunda, refa anapuliza filimbi, anaangalia pembeni hajui kosa lake ni nini.

Kochi hakumuacha. Akawa anambakiza nusu saa baada ya mazoezi, kudunda kulia kudunda kushoto, na mama yake anafanya kazi ya usiku kiwandani hana gari, ndio nikaingia mimi, miaka minne sasa namrudisha nyumbani, na kochi akitaka kuongea na mama natafsiri mimi. Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu, mnamjua wote, alichaguliwa wa pili NBA, ile ligi kubwa ya basketi ya huku, mwaka 2009 timu zilipochagua wachezaji wapya, naye hakuanza akiwa mdogo, basi huyu kijana wetu nilikuwa namwambia hiyo habari kila tukipita barabara ile ya mashamba ya mahindi. Yeye si mrefu hivyo na hafungi sana. Kazi yake ni kukaba. Akimganda mtu huyo mtu hapumui.

Msimu huu tulishinda mechi 9 tukafungwa 13, sio matokeo ya kuandika kwenye bango. Lakini mwezi wa pili kuna usiku wa wanaomaliza shule, kabla ya mechi kila mchezaji wa mwaka wa mwisho anatembea mpaka katikati ya uwanja na wazazi wake, anamkabidhi mama ua. Mama yake aliomba ruhusa kazini, akavaa kitenge chake cha njano na kilemba, akauliza kama nami nitatembea nao, nikamwambia hapana mama hii ni yako. Walipotajwa ukumbi wote ukasimama. Yule mzee wa safu yangu alikuwa analia waziwazi, na mimi sikuwa na la kutafsiri.

Sasa juzi ndio mechi ya mtoano ya kwanza, ile ambayo kwetu ungesema ngazi ya wilaya. Huku kila shule inaingia, hata kama msimu mzima umefungwa, ila ukipoteza moja umetoka. Tuliongoza mpaka kota ya tatu, ya nne miguu ikaisha. Namba 14 akapata faulo ya tano zikiwa zimebaki dakika mbili, akaenda benchi, hakuinama, alibaki amesimama anawapigia wenzake makofi mpaka kengele. Tulifungwa kwa pointi sita.

Mama yake akanigeukia akaniuliza, wamefungwa? Nikasema ndiyo mama. Akauliza, kesho wanacheza na nani?

Hapo nikakwama. Kwa sababu hakuna kesho, na kwa mtoto wa mwaka wa mwisho hakuna mwakani pia, ile jezi anaivua chumbani humo anairudisha, wengi wao hawatakuja kucheza mbele ya watu tena maisha yao yote. Nikamwambia polepole kwa Kiswahili, mama imeisha, ile ya leo ndio ilikuwa ya mwisho. Akakaa kimya anaangalia uwanja, watu wanashuka ngazi wanatupita.

Halafu akajifunga kitenge juu ya koti akaniambia twende tukasimame pale mlangoni wanapotokea, asije akatoka akakuta hakuna mtu.

Tulisimama kwenye baridi dakika arobaini. Alipotoka macho mekundu, begi begani, akamuona.