Gemu Yako Itakula Shilingi Ngapi?

Ndugu zangu, habari za jioni. Nashukuru mmekuja, na nashukuru feni inazunguka, maana joto la Mtwara mwezi huu halina adabu.

Pale nje kijana mmoja kanionyesha daftari lake. Gemu tamu kabisa: mtoto wa Mikindani anakimbizwa na mapiko, yale masinyago ya ngoma ya Wamakonde, usiku. Chini kaandika bajeti: "Mchoraji, laki 2." Nikamwuliza, za kuchora nini? Akasema, "Huyo mtoto."

Haya, tumchore. Ili atembee na macho yakubali, tuseme picha 8 kwa mwendo mmoja. Aende juu, chini, kushoto, kulia: picha 32. Wa kushoto ukimgeuza kama kwenye kioo umempata wa kulia, zimebaki 24. Ila ukimshikisha kibuyu mkono wa kulia, kioo kinakihamishia kushoto! Na hapo katembea tu, hajaruka wala kuanguka, na mapiko hatujayagusa. Nusu saa kwa picha, ni saa 12. Halafu wewe unaangalia, unasema, "Kaka, mbona kichwa kikubwa?" Zote 24 zinarudi mezani.

Hili mimi nimelilipia. Gemu yangu ya kwanza nilipatana na mchoraji bei ya jumla, kwa mdomo, kwenye simu. Nikambadilishia kichwa mara tatu. Mara ya nne hakupokea, na faili za kazi, zile unazoweza kuzirekebisha, alibaki nazo yeye. Simlaumu. Nilimlipa picha, nikawa nachukua miezi yake. Siku hizi tunaandikishana: masahihisho mara mbili, ya tatu nalipia, na faili zote nakabidhiwa kila Ijumaa.

Sasa watu. Tuseme mwandishi wa programu milioni 1 kwa mwezi, mchoraji laki 7. Hao ni wanaoanza, aliyebobea atakucheka. Kwa miezi 9 ni milioni 15 na laki 3. Muziki, kazi nzima, laki 8. Ukiwaajiri kihalali kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: weka asilimia 10 ya mshahara kutoka mfukoni mwako, nyingine 10 wanakatwa wao. Jumla 17,630,000. Na gemu ya miezi 9 sijawahi kuiona ikiisha kwa miezi 9. Ikifika 14, unagusa milioni 27, na bando, umeme na laptop sijavitaja.

Programu zenyewe hazifilisi mtu. Godot ya kutengenezea gemu na Blender ya kuchorea ni bure, kuuzia Google Play dola 25 mara moja, Steam, duka la gemu za kompyuta mtandaoni, dola 100 kwa kila gemu, na hizo unarudishiwa gemu ikishaingiza dola 1,000.

Hela inarudije? Uza Steam dola 5. Wao wanachukua asilimia 30, kwako 3.5. Dola tuifanye shilingi 2,500 kurahisisha: 8,750 kwa nakala. Milioni 27 zinataka nakala kama 3,100, kabla ya kodi, kabla ya punguzo la bei, kabla ya wanaorudisha gemu, maana mtu ambaye hajacheza saa 2 anaruhusiwa kudai hela yake ndani ya siku 14.

Dada kule nyuma anasema, "Si tutagawana faida?" Sawa, mgawane. Lakini Oktoba minada ya korosho ikifunguliwa mwenzako yuko Tandahimba, anamsaidia baba yake kupeleka magunia AMCOS, chama chao cha ushirika. Hana kosa: korosho inalipa msimu huu, gemu yako italipa lini?

Na kaka unayesema Stardew Valley, ile gemu ya shamba, ilitengenezwa na mtu mmoja, nimekusikia. Kweli, Eric Barone aliifanya peke yake, programu, picha, muziki, ikatoka 2016. Alikaa nayo zaidi ya miaka 4. Ninyi mnaona hakumlipa mtu. Mimi naona mishahara ya miaka 4 ambayo hakujilipa, na kuna mtu nyumbani alikuwa anabeba mzigo.

Basi, kijana wa daftari, tukakaa naye palepale kwenye ngazi tukapunguza. Lipiko moja. Mtaa mmoja. Mtoto anakwenda kushoto na kulia tu: picha 8. Laki 2 zake zinatosha kuanzia. Kibuyu tumemnyang'anya.