Dismal: Siku Mbaya Zilizogeuka Sifa

Mabibi na mabwana, neno letu leo ni la Kiingereza: dismal. Kamusi zitakupa "-a huzuni" au "-a kukatisha tamaa". Sawa, lakini lisikilizeni linavyotumika: mvua na wingu tangu alfajiri, matokeo ya mtihani yasiyosemeka, timu iliyofungwa nyumbani tena bila kujitutumua. Humo mna huzuni, na mna dharau pia.

Asili yake ni Kilatini, dies mali, siku mbaya, likaingia Uingereza kwa mdomo wa Wanormandi, watawala waliotoka Ufaransa. Kalenda za Ulaya ya zama za kati zilitenga siku mbili za mkosi kila mwezi, 24 kwa mwaka, zikiitwa pia siku za Misri. Siku hizo haikufaa kumtoa mgonjwa damu wala kuanza jambo kubwa. Naona wa Pwani mnatabasamu. Siku korofi za wanafalaki mnazijua. Baadaye Waingereza wakasahau kwamba siku zimo tayari ndani ya neno, wakasema dismal days, yaani "siku za siku mbaya". Ndipo jina likageuka sifa, likapachikwa popote.

Likapachikwa hata kwenye kinamasi. Mpakani mwa Virginia na North Carolina, Marekani, upo Great Dismal Swamp. William Byrd, bwana shamba aliyekuwamo kwenye msafara wa kupima mpaka huo mwaka 1728, alikiona ni mahali pa kutisha. George Washington alitaka kikaushwe kilimwe. Watumwa waliotoroka, kwa upande wao, walijenga makazi kwenye vipande vya nchi kavu mlemle ndani, wakaishi vizazi kadhaa. Mbu na matope vilikuwa ulinzi wao.

Halafu kuna ile "sayansi ya dismal", yaani uchumi. Wengi hudhani jina hilo lilitokana na Malthus, mchumi wa Kiingereza, na hofu yake kwamba watu wangeongezeka kuliko chakula wakafa njaa. Sivyo. Thomas Carlyle, mwandishi wa Kiskoti, alilitoa mwaka 1849, katika makala iliyotaka Weusi wa visiwa vya Karibi, waliokwisha kuachwa huru, walazimishwe kufanya kazi. Wachumi walimkera kwa sababu walitaka kazi iamuliwe na ugavi na mahitaji, si kiboko. Leo wachumi wenyewe hujitania kwa jina hilo, na sidhani wengi wanajua lilikotoka. John Stuart Mill, mwanafalsafa na mchumi wa Kiingereza, alijua: alimjibu Carlyle Januari 1850, katika jarida lilelile lililochapa makala hiyo.